Nilibadilisha balbu, furu wangu akabadilisha mume

#1 FundiTaa_Umoja — 14 Septemba, saa 3:12 usiku

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nivumilieni. Jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu mwezi wa sita na nataka kulieleza vizuri.

Mimi ni fundi wa stima, naishi Umoja. Sebuleni nina tangi la vioo la lita mia tatu, na ndani yake nafuga furu wa Ziwa Victoria, wale ambao wengi wetu hapa Nairobi tunawajua kwa jina la fulu. Ninao wa aina mbili, wote asili yao ni Mwanza. Aina ya kwanza, dume ana mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, ubavu wa manjano, na milia myeusi inayoshuka wima. Aina ya pili, dume ana rangi ya majivu inayoelekea bluu, pezi la mgongoni linang'aa, na milia ni ileile. Ukiwaondolea rangi hao madume wawili, utahangaika kusema yupi ni yupi. Majike nao ni wa kijivu chenye umanjano, wa aina hii na wa aina ile, na mgeni akiingia nyumbani kwangu huwaona wote ni ndugu. Kitaalamu wekundu ni *Pundamilia nyererei*, na wa bluu ni *Pundamilia pundamilia*. Ndiyo, ni Mwalimu Nyerere yuleyule, na punda milia yuleyule.

Sasa kisa. Mwezi wa sita taa nyeupe ya tangi iliungua. Nilikuwa nimerudi usiku kutoka kazini Ruaka, na kwenye begi la vifaa nilikuwa na balbu ya rangi ya chungwa iliyobaki kwa mteja aliyetaka taa za uani. Nikaifunga iwe ya muda, na muda ule ukawa wiki tano.

Nina jike mmoja ninayemtambua popote, kwa sababu mkia wake umechanika upande wa juu kama sikio la ng'ombe aliyetiwa alama. Ni wa aina nyekundu. Kabla ya balbu ile nilikuwa nimemshuhudia akitaga mara tatu, na zote tatu alitaga na dume mwekundu, ilhali yule wa bluu alikuwa papo hapo akimtikisia mapezi na asiangaliwe hata kidogo. Jumapili moja alasiri, chini ya taa ya chungwa, namkuta anazunguka na wa bluu.

Kwa ambao hawajawahi kuona wakitaga, nieleze. Wanazungukana karibu na jiwe, kichwa cha huyu kwenye mkia wa yule. Jike anadondosha mayai mawili matatu, anageuka hapo hapo na kuyaokota kwa mdomo kabla hayajakaa mchangani. Dume anajilaza ubavu na kutandaza pezi la chini karibu na mkia, ambalo lina madoa ya chungwa yaliyofanana kabisa na mayai. Jike anayaona, anadhani kuna mayai amesahau, anayadonoa, na hapo ndipo anapovuta mbegu za dume na mayai yanarutubishwa humo humo kinywani. Wakazunguka hivyo dakika ishirini hivi. Mimi nimesimama na kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Akakaa na mayai mdomoni karibu wiki tatu bila kula. Nikamhamishia tangi dogo, akatema watoto 31, wote hai, wote wanaogelea.

Sasa maswali yangu. Kazi yangu ni taa, kwa hiyo la kwanza nililowaza ni taa. Mnazikumbuka zile taa za barabarani za zamani za rangi ya chungwa? Ukisimama chini yake usiku pale Jogoo Road, matatu ya bluu na ya kijani zote zinageuka rangi ya matope, na gari jekundu linakuwa la kahawia. Mwanga ule hauna rangi ya kurudisha, kwa hiyo jicho haliwezi kuiona. Je, ndicho kilichompata jike wangu? Na la pili: hawa watoto ni chotara, watazaa au ndio mwisho wao? Na kama spishi mbili zinatengwa na taa tu, kule ziwani kukoje?

#2 Mapezi_Chiromo — 14 Septemba, saa 4:40 usiku

Fundi, umenifanya niache kazi yangu. Nasomea samaki hapa Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na ulichokiona kwa balbu ya mteja ni jambo ambalo watafiti walilifanya makusudi maabara miaka ya 1990.

Ole Seehausen na Jacques van Alphen walichukua samaki hawa hawa wako. Chini ya mwanga mweupe majike waliwafuata madume wa spishi yao. Walipowasha mwanga wa rangi moja ambao unaficha tofauti ya bluu na nyekundu, uchaguzi ukapotea. Majike walikuwa walewale na madume walewale. Kilichobadilika ni mwanga, basi.

Swali la pili ndilo zito, kwa hiyo nianze nyuma kidogo. Shuleni tulifundishwa kwamba spishi mbili ni mbili kwa sababu hazizai pamoja, au zikizaa mtoto anakuwa kama baghala, yule wa punda na farasi, ana nguvu za kubeba mzigo lakini hana uzao. Kizuizi cha namna hiyo kipo, na kiko ndani ya damu: mimba haishiki, au kiinitete kinakufa, au mtoto ni tasa. Lakini kizuizi cha damu kinachukua muda mrefu sana kujengeka, na kwa samaki wa jamii hii tunazungumzia mamilioni ya miaka ya kuishi mbalimbali. Furu wa Victoria hawajapata muda huo. Ziwa lenyewe lilikauka na kujaa upya kama miaka 15,000 hivi iliyopita. Spishi takriban 500 zimejitenga ndani ya kipindi hicho, jambo ambalo bado linanishangaza kila ninapolitamka.

Kwa hiyo nyererei na pundamilia ukiwazalisha, watoto wanaishi, wanakua, wanazaa, na wajukuu wanazaa. Watoto wako 31 wataendelea vizuri. Kinachowatenga hawa kiko kabla ya yai, kwenye jicho la jike. Ukilifumba jicho lile, hakuna kizuizi cha pili nyuma yake cha kukuokoa.

Na kwa nini jicho? Maji ya Victoria yamebeba chembe nyingi, na chembe zinameza mwanga wa bluu mapema. Ukishuka mita chache unabakiwa na mwanga wa manjano, ukizidi kushuka unabaki na wa chungwa na mwekundu. Pundamilia hukaa juu juu kwenye mawe ya ufukweni, nyererei hukaa chini zaidi. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* kazi iliyoonyesha kwamba hata jeni ya protini inayopokea mwanga ndani ya jicho imegawanyika: wa juu wamebeba toleo linaloegemea upande wa bluu, wa chini toleo linaloegemea upande wa nyekundu. Jike wa chini anaona vizuri wekundu, dume mwekundu ndiye anayeng'aa machoni pake, basi anamchagua. Makazi, jicho na rangi ya dume vimefungwa fundo moja.

#3 BabaTasha — 14 Septemba, saa 4:58 usiku

Kwa hiyo maji machafu ya Nairobi yakifika ziwani yanafanya kazi ya hiyo balbu? Maana Mto Nairobi ule wa Gikomba mnaujua wenyewe.

#4 Mapezi_Chiromo — 14 Septemba, saa 5:05 usiku

Kaka, Mto Nairobi hauendi Victoria. Unaingia Athi, unakuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Victoria inalishwa na Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Mara, Kagera na mingine. Lakini usituondolee lawama haraka. Miwa ya sukari ya chai yetu hii inalimwa kandokando ya Nyando na Nzoia, na mbolea yake na udongo wake vinateremka. Wazo lako la balbu ni sahihi, mto tu ndio umekosea.

#5 MamaFulu_Gikomba — 15 Septemba, saa 12:20 asubuhi

Nimesoma hapa kabla sijafungua kibanda. Wanangu, mimi nauza omena (dagaa) na fulu miaka mingi, na mama yangu aliuza kule Uyoma kabla yangu.

Gunia la omena likishuka kwenye basi nalimwaga juu ya turubai na kuchambua kwa mkono, maana mteja wa gorogoro, lile kopo la kupimia, hataki mchanga wala vijiti. Ndani ya omena hukosi fulu wadogo, wamekauka pamoja. Omena ni mwembamba, anang'aa. Fulu ana kifua kipana na pezi la mgongoni lina miiba, linakudunga kidole usipoangalia. Namweka pembeni. Lakini nisikudanganyeni kwamba namtambua ni fulu gani. Samaki akikauka rangi yote inaondoka, anabaki kahawia. Mama yangu alikuwa akiwaona wabichi, ndiyo maana yeye alikuwa na jina la huyu na jina la yule, na mimi nina jina moja tu, fulu.

Kulikuwa na miaka mbuta, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, alipojaa ziwani, fulu wakapotea kabisa sokoni. Baadaye wakaanza kurudi kidogo kidogo. Ninachojiuliza ni hiki: waliorudi ni walewale?

#6 Mapezi_Chiromo — 15 Septemba, saa 1:35 asubuhi

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo watu wanalolifanyia kazi maisha yao yote.

Mbuta waliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na walipolipuka kwa wingi miaka ya 1980 wanasayansi walikadiria kwamba spishi kama 200 za furu zilitoweka. Huko ni kuliwa, kila mtu analielewa. Lakini kuna kupotea kwa namna nyingine ambako hakuna maiti. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Frans Witte waliandika katika *Science* kwamba maji yakipoteza uangavu, furu wanapauka, majike wanashindwa kuchagua, na spishi zinamezana. Samaki wapo, nyavu zinajaa, wavuvi hawalalamiki. Kilichopungua ni idadi ya aina.

Kwa hiyo fulu wanaweza kurudi sokoni kwako kwa wingi, na bado tukawa tumepoteza.

#7 Mtoto_wa_Majabali — 15 Septemba, saa 7:02 mchana

Mimi ni wa Mwanza, niko Nairobi kikazi, South C. Nimefurahi mno kuona furu wanaongelewa na watu wa Nairobi, huwa mnatuongelea sangara tu (mbuta wenu).

Kwetu ukitaka kuuona uzi huu kwa macho, chukua visiwa viwili. Makobe iko upande wa ziwa lililo wazi, maji yake ni maangavu. Pale mwekundu ni mwekundu na wa bluu ni wa bluu, na vinasaba vyao vinasema vilevile. Luanso iko ndani kabisa, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, maji yamejaa tope. Pale huwapati wawili. Unapata kundi moja lenye madume wa kila rangi ya katikati, wengi wamefifia. Visiwa vilivyo kati ya hapo na hapo, mambo yako kati ya hapo na hapo. Ghuba ni ileile, mawe ni yaleyale.

Marehemu baba alikuwa mvuvi. Nikiwa mdogo nilikuwa nazamia karibu na mawe nimefumbua macho. Karibu na mji, mkono wako ukiunyoosha unapotea kuanzia kiwiko, maji yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Siku baba aliponipeleka visiwa vya nje nikazamia nikaona madume wamekaa kila mmoja juu ya jiwe lake, wekundu, wamejipanga kama taa. Nilitoka nje nikalia kwa sababu nilidhani kila mahali kuko hivyo na sisi wa mjini tumenyimwa.

#8 FundiTaa_Umoja — 15 Septemba, saa 2:15 usiku

Ndugu wa Majabali, nimeisoma hiyo mara tatu. Asante.

Mama, shikamoo. Nitakuja Gikomba unionyeshe hao wa kwenye omena.

#9 BwawaRuai — 15 Septemba, saa 3:30 usiku

Mimi sina furu wa mapambo, nina mabwawa mawili ya tilapia Ruai, lakini nadhani shida yangu ni ndugu wa hii. Nilinunua vifaranga 2,000 kwa mtu ambaye sitamtaja, nikaambiwa ni nyamami safi, madume watupu. Mwezi wa tano bwawa likajaa watoto. Na samaki wenyewe hawafanani: wengine mkia una milia kama nyamami anavyotakiwa, wengine mkia mtupu, wengine weusi na wamedumaa kwa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nimelisha nusu mwaka kwa hasara. Je, huyo aliniuzia chotara?

#10 Mapezi_Chiromo — 15 Septemba, saa 4:11 usiku

Pole sana. Bila kupima vinasaba siwezi kusema ni nini hasa ulichonacho, lakini milia wima mkiani ni alama ya nyamami, *Oreochromis niloticus*, na mkia mtupu kwa wenzake wa umri uleule ni sababu ya kushuku. Tilapia wanachanganyika kwa urahisi mno wakiwekwa pamoja.

Kuchanganya tilapia si kosa kila mara, wakati mwingine ni teknolojia. Mwaka 1960 mtaalamu aitwaye Hickling, akifanya kazi Malacca, Malaysia ya leo, alieleza jinsi alivyopandisha tilapia wa Msumbiji jike na dume wa tilapia aliyetoka Zanzibar, akapata watoto karibu wote madume. Kila mmoja wa wazazi hao ana mpangilio wake wa kuamua jinsia, na ukiwakutanisha hesabu inaangukia upande wa dume. Siku hizi wazalishaji wengi wanatumia homoni kwenye chakula cha vifaranga badala yake, na homoni isipotolewa sawasawa unapata kilichokupata: majike wamo, wanazaa kila mwezi, bwawa linajaa, wote wanadumaa. Kwa hiyo una uwezekano wa mashida mawili, uchotara na jinsia, na kudumaa kunaweza kuletwa na lile la pili peke yake.

Usiwamwage mtoni, tafadhali. Naliweka hili peke yake ili lisisahaulike.

Naivasha hapo tuna somo. Tilapia wa mito yetu, *Oreochromis spilurus*, alipandwa kule mwaka 1925. Mwaka 1956 akaingizwa mwingine, *leucostictus*. Wakakutana, wakazaana, chotara wakajaa ziwani, na miaka ya 1970 ilipoanza yule wa kwanza alikuwa ameshatoweka, na chotara nao wakafuata. Aliyebaki ni mgeni.

Na ngege. Sisi sote tunaagiza ngege hotelini, lakini ngege halisi wa Victoria, *Oreochromis esculentus*, karibu hayupo tena kwenye ziwa kubwa. Anashikilia maisha kwenye viziwa vidogo kama Kanyaboli kule Siaya, na hata huko wachunguzi wamekuta vinasaba vya nyamami vimeingia ndani yake. Unachokula leo kwa jina la ngege ni nyamami.

#11 BwawaRuai — 15 Septemba, saa 4:20 usiku

Nimekuelewa dada. Nitakausha mabwawa yote mawili, wakubwa niuze wakiwa wamekufa, wadogo niwape kuku. Wakija wengine nitasimamia mwenyewe kupimwa.

#12 Mwalimu_Kiserian — 16 Septemba, saa 10:05 jioni

Naongeza la karibu na nyumbani. Mwenye nafasi Jumamosi ashike barabara ya Magadi, apite Kiserian na Olepolos, ateremke mpaka kwenye magadi yenyewe. Mimi hupeleka wanafunzi wangu. Pembeni mwa ziwa kuna chemchemi za moto, na ndani yake kuna tilapia mdogo wa urefu wa kidole, *Alcolapia grahami*, anayeishi kwenye maji yanayoweza kupita nyuzi 40 na yenye magadi ya kukuchuna ngozi. Samaki wengi hutoa taka ya naitrojeni kama amonia, lakini kwenye maji hayo amonia haitoki mwilini, kwa hiyo huyu anatoa urea kama sisi binadamu.

Ninachotaka kusema ni hiki. Magadi na Natron zilikuwa ziwa moja kubwa la kale, wataalamu wanaliita Orolonga, likapungua kama miaka 10,000 iliyopita. Upande wa Magadi amebaki spishi mmoja. Upande wa Natron wapo watatu, na kuna chemchemi ambapo wote watatu wanaogelea maji yaleyale. Wanatofautiana midomo, mmoja wa kukwangua hivi, mwingine vile, na madume wana rangi zao. Chemchemi yenyewe unaweza kuivuka kwa hatua chache! Hakuna mlima wala mto unaowatenga, wanakutana kila siku, na bado wako watatu. Wanafunzi wangu wakiniuliza jinsi spishi zinavyotokea, kitabu kinawaambia mlima uliinuka ukawagawanya. Mimi nawapeleka Magadi.

#13 Mtoto_wa_Majabali — 16 Septemba, saa 1:48 usiku

Sasa nilete ubishi kidogo, kwa heshima. Tunaongea kana kwamba kuchanganyika ni msiba tu. Mwaka 2017 ilitoka kazi iliyosoma vinasaba vya furu wa ukanda wote wa Victoria, ikaonyesha kwamba hawa mamia wote wametokana na mchanganyiko: ukoo mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile ya juu walikutana kama miaka 150,000 iliyopita wakazaana. Hata matoleo ya ile jeni ya jicho yalitoka pande mbili tofauti, moja huku na moja kule. Bila uchotara ule tusingekuwa na nyererei wala pundamilia. Kwa hiyo jike wa fundi mwenye mkia uliochanika amefanya walichofanya mababu zake.

#14 FundiTaa_Umoja — 16 Septemba, saa 3:00 usiku

Ndugu yangu, nimekaa na hoja yako jioni yote na sitaki kuikwepa, kwa sababu ni ya kweli.

Lakini hebu tazama hali zilivyokuwa. Mababu wale walikutana kwenye eneo lenye nafasi nyingi tupu: huku juu kuna mwanga wa bluu, kule chini mwekundu, kuna konokono wa kula, kuna mwani, kuna mchanga, kuna mawe. Mchanganyiko ule ulileta kila aina ya malighafi, kisha mazingira yakaanza kuchambua, huyu huku, yule kule. Luanso hakuna kinachochambua. Juu ni tope na chini ni tope. Ukimwaga rangi kwenye glasi nyingi utapata vinywaji vingi. Ukizimwaga zote kwenye ndoo moja utapata maji ya kuoshea vyombo, na huwezi tena kuzitoa moja moja.

Mimi kazi yangu ni kuwasha. Nikiingia nyumba iliyokatika stima, nawasha, kila kitu kipo kilipokuwa. Hapa inaniuma kwa sababu ukiwasha baada ya kuchelewa, walioingia gizani wawili unawakuta mmoja.

#15 Mtoto_wa_Majabali — 16 Septemba, saa 3:22 usiku

Hapo kwenye kuchambua nimekubali. Ila mlango sio kwamba umefungwa kabisa. Visiwa vya Python, ndani ya ghuba yetu, wataalamu wa vinasaba wanasema wekundu wa Makobe walifika, wakachanganyika na wa bluu waliokuwa pale, kisha ule mchanganyiko ukagawanyika tena kuwa jozi mpya ya mwekundu na wa bluu. Wanafanana na wale wa Makobe lakini wana historia yao wenyewe. Ila ni pale ambapo mwanga ulibaki wa kutosha.

#16 Mapezi_Chiromo — 16 Septemba, saa 3:40 usiku

Nyote wawili mmesema nililotaka kusema. Sasa fundi, nirudi kwako na ugumu wa kimaabara. Jike mmoja, mara moja, si ushahidi. Kuna sababu nyingine inayoweza kueleza uliyoyaona: je, wakati wa balbu ya chungwa, dume mwekundu alikuwa mzima? Kwenye tangi dume akipigwa anapauka na kujificha, na jike mwenye mayai tayari hawezi kungoja milele. Watu wengi wanaofuga wamepata chotara kwa njia hiyo, na taa haikuhusika.

#17 FundiTaa_Umoja — 16 Septemba, saa 4:02 usiku

Swali la haki. Alikuwa hai, anakula, na pango lake la upande wa kulia alikuwa bado analilinda. Rangi yake siwezi kuiapia, maana chini ya balbu ile hata shati langu jekundu lilikuwa kahawia. Naona hapo ndipo ushahidi wangu unapokatika. Nimefunga taa nyeupe sasa na nimeanza kuandika kila siku kwenye daftari: nani kakaa wapi, nani kamfukuza nani.

#18 Mapezi_Chiromo — 16 Septemba, saa 4:15 usiku

Daftari ndiyo sayansi yenyewe. Na nikupe jambo moja la kuangalia kwa hao 31. Mwaka 2007 Machteld Verzijden na Carel ten Cate walihamisha mayai ya furu hawa, wakayaweka kinywani mwa mama wa spishi nyingine. Mabinti walipokua, walipendelea madume wa spishi ya mama aliyewalea, sio ya aliyewazaa. Kwa hiyo sehemu ya uchaguzi inafundishwa, wakiwa bado wanakimbilia mdomoni mwa mama. Watoto wako ni chotara, lakini mlezi wao ni wa aina nyekundu. Ulimwacha nao muda gani?

#19 FundiTaa_Umoja — 16 Septemba, saa 4:19 usiku

Wiki mbili baada ya kuwatema. Nikigonga kioo wote wanaingia mdomoni kwake kama maji yanavyoingia kwenye shimo la sinki, na yeye anajirudisha kona.

#20 MamaFulu_Gikomba — 17 Septemba, saa 12:05 asubuhi

Hapo kwa mama ndipo nimeelewa kila kitu mlichosema tangu juu.

#21 FundiTaa_Umoja — 22 Februari, saa 2:50 usiku

Wakuu, narudi na habari.

Watoto waliobaki ni 26. Madume wameanza kupata rangi. Hawana ule wekundu wa pilipili wala ile bluu. Ubavu ni wa manjano, na juu yake kuna mstari mwembamba wa wekundu uliofifia, kama doa la mchuzi lililofuliwa likakataa kutoka. Wazima kabisa, wanagombana, wanachimba.

Mama mwenye mkia uliochanika ametaga mara mbili tangu taa nyeupe irudi, mara zote na mwekundu. Nimeandika tarehe na saa. Dada wa Chiromo, najua mara mbili ni chache.

Mwezi uliopita nilichukua mabinti wawili wa wale chotara nikawaweka kwenye tangi kubwa, chini ya taa nyeupe, pamoja na mwekundu, na wa bluu, na kaka zao wawili. Hakuna samaki atakayetoka humu ndani kwenda popote, hilo nimeahidi. Wote watazeeka hapa. Siku nyingi mmoja wa mabinti hukaa mbele ya pango la kulia, akipeperusha mapezi papo hapo, haingii wala haondoki.

Leo nilikuwa kazini Syokimau tangu alfajiri. Nimerudi nimewamwagia chakula, huyo binti hajala. Kidevu kimeshuka, na anatafuna pasipo kitu, ile namna ya kugeuza mayai. Mchezo wenyewe sikuuona. Nimemhamishia tangi dogo na nimeandika tarehe. Baba yao tutamjua kwa rangi ya wanawe, mwezi wa tisa hivi.